Shujaa anapopandwa na mori: hasira ni nguvu yake, au ni mlango wa adui?

Mleta uzi (Kampala)

Ndugu zangu wapenzi wa hadithi, salamu. Nimekaa na swali hili kwa miezi kadhaa, tangu nilipokwama katika sura ya tano ya hadithi ninayoiandika, na nimeona niliweke hapa kwa urefu wake, kwa sababu najua humu wamo wanaoandika na wamo wanaosoma kwa jicho kali.

Nilikulia katika kambi ya polisi hapa Kampala, ambako Kiswahili kilikuwa lugha yetu ya uwanjani, na jioni tulikimbilia kibanda cha video kilichokuwa ng'ambo ya barabara. Anayeijua Uganda anajua kwamba filamu kibandani haitazamwi kimya: yupo VJ, mfasiri mwenye kipaza sauti, anayeigeuza kila sentensi kuwa Kiganda na kuongeza maneno yake pale anapoona filamu imepungukiwa. Tukio moja lilirudi karibu katika kila filamu ya mapigano, hata nchi na majina yakibadilika. Shujaa amepigwa, amelala chini, damu inamtoka puani. Adui anamgeukia rafiki yake, au mwalimu wake, au mdogo wake, na kumuua huku yeye akitazama. Hapo VJ alishusha sauti mpaka ikawa kama ya mtu anayesali, nasi tukanyamaza, kisha shujaa akafumbua macho, na kibanda kizima kikasimama kabla yeye mwenyewe hajasimama. Nilikuwa na miaka tisa au kumi, na nakumbuka mikono yangu ikitetemeka kana kwamba aliyeuawa ni ndugu yangu.

Leo ninajaribu kuandika tukio kama hilo, na jambo lile lile lililonisimamisha utotoni ndilo linalonisumbua. Nguvu ile ilikuwa wapi dakika moja kabla? Kama ilikuwamo ndani ya shujaa siku zote, basi rafiki amekufa kwa sababu tu shujaa alichelewa kukasirika. Kama haikuwamo, basi mwandishi ameiokota njiani kwa kuwa kurasa zilikuwa zinamwishia.

Ninavyoamini mimi, hasira hukubalika kuwa chanzo cha nguvu pale tu hadithi inapojua hasira hiyo inahusu nini. Kukasirika ni kujua kwamba umedhulumiwa, au kwamba amedhulumiwa mtu wako; jambo hilo lina mtendaji, lina tendo, lina siku yake. Nguvu inayotoka humo inapaswa kufanana na dhuluma iliyoizaa, kama mtoto anavyofanana na wazazi wake, na isipofanana nayo msomaji hujua kwamba si ya pale.

Tazameni Hulk, lile jitu la vitabu vya katuni vya Marekani, aliyebuniwa na Stan Lee na Jack Kirby mwaka 1962. Wengi wanaomjua leo hawajui kwamba katika toleo la kwanza alikuwa wa rangi ya kijivu, na kwamba Bruce Banner, mtu anayegeuka kuwa Hulk, hakugeuka kwa kukasirika: aligeuka jua lilipozama. Hasira kuwa ufunguo wa mageuzi hayo ilikuja baadaye. Naona badiliko hilo lilikuwa kubwa kuliko lile la rangi, kwa sababu mtu anayegeuka usiku anapambana na saa, na dawa yake ni kujifungia ndani mapema, lakini mtu anayegeuka kwa hasira anapambana na kila anayemkanyaga mguu barabarani, na hana chumba cha kujificha. Udhaifu wa Hulk, kwangu, ni kwamba kadiri anavyokasirika ndivyo nguvu inavyoongezeka bila kikomo. Kisicho na kikomo hakina mashaka, na pambano lisilo na mashaka ni kelele tu. Waandishi wake bora wameliona hilo, na wameipeleka hofu yote kwa Banner, ambaye huamka asubuhi akiwa na nguo zilizochanika na haijui hasara aliyoiacha nyuma.

Mfano wa pili ni Goku wa Akira Toriyama, katika hadithi ya katuni ya Dragon Ball iliyochapishwa Japani kuanzia mwaka 1984 hadi 1995. Adui yake Frieza anapomuua rafiki yake Krillin kwenye sayari ya Namek na Goku akageuka nywele zikawa za dhahabu, mtu anaweza kudhani kwamba ni lile lile tukio la kibandani. Lakini angalieni namna lilivyotayarishwa. Hadithi ya Saiyan wa ajabu (Wasaiyan ndio jamii ya Goku) ilikuwa imetajwa mara nyingi kabla ya siku hiyo, na Frieza mwenyewe aliiangamiza jamii ya Wasaiyan kwa kuwahofia. Zaidi ya hayo, Krillin alikwisha kufa mara moja na kufufuliwa, na Goku anajua kwamba joka la Dunia, linalotimiza maombi, haliwezi kumfufua mara ya pili. Katika hadithi ambayo kifo kilikuwa na dawa, hiki ni kifo kinachoonekana hakina dawa. Hasira ya Goku inazaliwa pale ambapo sheria za hadithi zinamnyima tumaini, na kwa sababu hiyo hatuulizi ilitoka wapi.

Naomba michango yenu, na hasa mnisaidie kwa mifano ya kwetu, kwa maana nimechoka kuazima.

Mchangiaji (Gulu)

Ndugu mleta uzi, mfano wa kwetu upo, na sisi Waacholi tulilishwa tukiwa bado kwenye mkeka wa bibi. Ni kisa cha ndugu wawili, Gipir na Labongo. Wasimuliaji hutofautiana kuhusu ni nani aliyetenda nini, basi nitasema mmoja na mwingine.

Mmoja alichukua mkuki wa ndugu yake bila ruhusa ili kumfukuza tembo shambani. Akamchoma, tembo akakimbia na mkuki mwilini. Mwenye mkuki alikataa fidia yoyote. Alitaka mkuki ule ule. Ikabidi ndugu yake aingie nchi ya tembo, ambako hakuna aliyetarajiwa kurudi. Akasafiri, akapata msaada wa bibi kizee, akarudi na mkuki, na pia na shanga nzuri. Siku moja, shanga zilipokuwa zikitungwa, mtoto mchanga wa yule mwenye mkuki akameza ushanga mmoja. Aliyerudi kutoka nchi ya tembo akasema neno lile lile aliloambiwa yeye: nautaka ushanga wangu, sitaki mwingine. Mtoto akapasuliwa tumbo. Ndugu wakaachana penye mto Nile, mahali panapoitwa Wang Lei karibu na Pakwach, wakazika shoka kuwa alama kwamba hawatakutana tena, upande mmoja ukavuka kwenda magharibi na mwingine ukabaki.

Nguvu iliyomwingiza yule mtu katika nchi ya tembo na kumtoa akiwa hai ni hasira, sina shaka kabisa. Hakuna mapigano ndani yake na hakuna anayeng'aa. Ni hasira iliyotembea polepole, ikala, ikalala, ikashukuru msaada wa bibi kizee, ikarudi nyumbani na kukaa kimya ikingojea siku ya ushanga. Waandishi wa mapigano huiweka hasira katika dakika moja, ilhali hasira inayotisha kweli ina subira.

Mleta uzi (Kampala)

Nimesoma mchango wa Gulu mara tatu. Umenifanya nione kosa langu la lugha: nimekuwa nikiandika "hasira" kila mahali, ilhali Kiswahili kimenipa ghala zima la maneno, na kila neno ni nguvu ya aina yake.

Hamaki huwaka ghafla na kuzimika upesi. Shujaa mwenye hamaki anaweza kuvunja mlango lakini hawezi kuhimili mzingiro wa siku tatu. Ghadhabu ni nzito na ina hadhi, tunaitaja kwa Mungu na kwa wafalme, na haimfai kijana wa miaka kumi na sita aliyenyang'anywa upanga. Kinyongo hukaa rohoni na kuhesabu, na hicho ndicho alichorudi nacho yule mtu kutoka nchi ya tembo. Uchungu ni mpana kuliko yote, kwa sababu neno hilo hilo tunalitumia kwa mama anayejifungua na kwa mtu aliyefiwa. Mwenye uchungu anaumia kwanza, na nguvu yake, ikija, inakuja kupitia maumivu. Kisha kuna mori. Tunasema mtu amepandwa na mori, yaani mori ndio unaompanda yeye kama mpanda farasi, na mwili unaanza kutetemeka kabla ya vita. Nchi za kaskazini mwa Ulaya zina visa vya wapiganaji waliopoteza akili vitani wakang'ata ngao zao, na waandishi wa fantasia wamewatumia mpaka wamechakaa, wakati sisi tuna neno letu ambalo ndani yake limeshaeleza nani anampanda nani.

Mori unajulikana hata na mwili. Tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, moyo hukimbia, damu huelekea kwenye misuli mikubwa, na macho hukazia jambo moja na kuacha mengine. Mtu huyo anaweza kuinua asichoweza kukiinua jana. Lakini vidole vyake hupoteza ustadi: hawezi kutunga uzi kwenye sindano, hawezi kufunga fundo dogo, na hamuoni anayemjia ubavuni. Tayari hapo mwandishi ana kikomo kilichomkosa Hulk.

Wazee wa pwani waliliona hilo kabla ya madaktari. Walisema hasira ya mkizi ni tijara ya mvuvi, kwa kuwa samaki huyo hukasirika, akaruka juu ya maji, akaangukia ndani ya mtumbwi. Nimejiuliza ni mara ngapi nimesoma hadithi ambayo adui ni mvuvi wa namna hiyo, aliyeketi na kungoja shujaa aruke. Ni mara chache mno. Adui wengi wa fantasia humkasirisha shujaa kwa upumbavu, wakishangaa baadaye kwamba amepata nguvu, ilhali adui mwenye akili angemkasirisha kwa makusudi na kuuweka mtumbwi mahali panapofaa.

Mchangiaji (Masaka)

Naongeza kwa ufupi mambo ya Buganda. Walumbe, ambaye ndiye Kifo, alimfuata duniani dada yake Nambi, mke wa Kintu, mtu wa kwanza wa Buganda, akamwomba Kintu mtoto mmoja amsaidie kupika. Kintu alikataa, Walumbe akakasirika, na watoto wakaanza kufa. Ndugu yao Kayikuuzi alipotumwa kumkamata, Walumbe alizama ardhini, na mashimo ya Ttanda kule Mityana yanaonyeshwa hadi leo kuwa ndipo walipofukuzana. Ombi lile lilikuwa dogo kabisa, la mtu wa jikoni tu, lakini hasira iliyotoka humo haijaisha. Imesahau mpishi, imesahau Kintu, inaua tu. Ndugu mleta uzi amesema hasira lazima ijue inahusu nini. Basi Walumbe ni hasira iliyosahau, na kwa sababu hiyo haishindwi na mtu.

Kwa upande mwingine yuko Kibuuka wa visiwa vya Ssese, aliyepigana upande wa Kabaka Nakibinge dhidi ya Wanyoro akiwa ameruka juu ya wingu na kurusha mishale kutoka huko. Nguvu yake ilikuwa siri. Ilipojulikana na mwanamke mateka, Wanyoro walilenga wingu, naye akaanguka juu ya mti kule Mbaale. Siri ikitoka, inakwisha. Hasira haiwezi kuibiwa namna hiyo. Labda ndiyo maana waandishi wa leo wanaipenda.

Mchangiaji (Jinja)

Katika michezo ya kompyuta mambo ni rahisi zaidi. Kratos wa God of War, tangu mwaka 2005, ana kipimo kinachojaa kadiri unavyopigana, kisha unakifungua na anakuwa mkali kwa muda. Kama mchezaji nakipenda sana kipimo hicho. Kama msomaji wa hadithi sikitaki, kwa sababu hasira inayojaa kwa kupiga watu wowote tu haimtazami mtu yeyote usoni.

Mchangiaji (Mbale)

Mniwie radhi nikiingia kwa sauti ya kupinga. Nimesoma michango yote na naona mnakubaliana mno. Mimi ni mwanamke niliyekua nikiambiwa na shangazi zangu kwamba binti mwenye hasira haolewi, na kwamba hasira ni hasara. Kaka zangu hawakuambiwa methali hiyo hata siku moja; wao wakikasirika iliitwa uanaume. Kwa hiyo kila ninapoona mjadala wa kuiwekea hasira kikomo na mitego ya wavuvi, nauliza kwanza: ni hasira ya nani inayodhibitiwa?

Nilipokuwa na miaka kumi na minne nilisoma hadithi ambayo msichana alikasirika na milango ya gereza ikafunguka. Haikueleza nguvu ilitoka wapi. Haikudai malipo. Niliisoma mara nyingi mpaka jalada likatoka. Mtu mnyonge ambaye katika maisha yake ya kila siku hasira haimletei kitu ila kofi, ana haki ya kupata kitabu kimoja ambamo hasira inafungua mlango bila kumtoza. Msiigeuze fantasia kuwa shangazi mwingine.

Mleta uzi (Kampala)

Dada yangu wa Mbale, nimechukua siku mbili kabla ya kukujibu kwa sababu nilitaka jibu la haki.

Unayosema ni kweli, na nimekiri moyoni kwamba niliisoma methali ya mkizi kwa raha ya mtu asiyewahi kunyamazishwa nayo. Hata hivyo sidhani kwamba yule msichana wa gerezani hakulipa. Alilipa kabla. Nina hakika kurasa zilizotangulia mlango ule zilijaa makofi, na ulipofika mlangoni ulikuwa umeshayahesabu yote, na pengine uliyaongeza na ya kwako. Hasira yake ilikuwa inajua inahusu nini, na wewe ulijua pia. Ninachokipinga ni hasira ya shujaa ambaye hajawahi kunyimwa kitu, anayemtumia rafiki aliyekufa kama kiberiti.

Homer alianza utenzi wake wa vita vya Troya kwa neno "hasira"; ni neno la kwanza kabisa katika Kigiriki. Lakini hasira ya Achilles, shujaa wa Wagiriki, katika sehemu kubwa ya kitabu, ni ya mtu mkubwa aliyenyang'anywa heshima. Anajitenga katika kambi yake na wenzake wanakufa kwa kutokuwepo kwake. Rafiki yake Patroclus anapouawa ndipo inapokuwa hasira ya mtu aliyefiwa, na hapo anatisha zaidi, mpaka anaiburuta maiti ya Hector, aliyemuua rafiki huyo. Ile ya kwanza na ile ya pili zimo katika kifua kimoja, na msomaji anazitofautisha. Na kinachoizima mwishoni ni Priam, baba mzee wa Hector, anayeingia hemani mwake usiku kumwomba mwili wa mwanawe, wakalia pamoja. Hakuna panga lingeweza kufanya hivyo.

Kwetu Waswahili shujaa mkubwa ni Fumo Liyongo, na nimeshangaa kugundua kwamba simwoni akikasirika. Anafungwa, na anatoka kwa wimbo aliompa kijakazi Saada aufikishe kwa mama yake, na kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate. Mwanawe mwenyewe anamchoma kitovuni kwa sindano ya shaba akiwa usingizini, naye anaamka, anauchukua upinde, anakwenda kisimani na kufa akiwa amepiga goti, mshale umetegwa. Watu wakaogopa kuteka maji siku kadhaa wakidhani yu hai. Kama kuna hasira pale, imo ndani ya mkao wa maiti. Sijui hadithi nyingine ambamo mtu aliyekufa analinda kisima kwa goti lake.

Sasa niseme jambo linalotuhusu sisi wa Uganda peke yetu. Idi Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na wazee wengi wa nchi hii walikisikia kwanza kwenye vizuizi vya barabarani, kutoka kwa mtu mwenye bunduki. Katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, watoto wanafundishwa shuleni, lakini sikio la mzee halijasahau. Mhusika wangu akifoka kwa Kiswahili, msomaji wa Kampala mwenye miaka sitini hamsikii msichana aliyedhulumiwa, anamsikia askari. Kwa muda mrefu niliona hili ni balaa. Mchango wako, dada, umenionyesha njia ya kulitumia.

Hadithi yangu inamhusu binti mvuvi wa Ssese ambaye mtumbwi wa marehemu kaka yake umechomwa. Katika toleo la kwanza alipiga ukelele, ziwa likapanda na kuwafagia wote waliokuwa pwani, wenye hatia na wasio na hatia. Nimeifuta sura hiyo. Sasa sheria ni kwamba maji humtii dhidi ya mtu mmoja tu, yule aliyetenda, na ni lazima amtazame na kulitaja tendo lenyewe. Akimtaja asiyehusika, maji yanamrudia yeye. Kwa hiyo mori unapompanda usiku wa moto, vidole vinashindwa kufunga fundo la wavu, na wanaume walioketi ufukweni wanamtukana kwa jina ili atoke mafunjoni, kwa kuwa wanajua sheria hiyo na wanatumaini atakosea. Hatoki. Anakaa ndani ya maji mpaka kifuani hadi alfajiri, akisikiliza ni nani anayecheka na nani aliyenyamaza.

Asubuhi anamfuata aliyenyamaza. Dada wa Mbale, hasira yake sikuipunguza hata chembe, na hamwombi mtu radhi kwa kuwa nayo. Ila hapazi sauti. Anaongea Kiswahili cha adabu, kile ambacho hakikusikika kwenye vizuizi, na maji yanaanza kujikusanya nyuma ya visigino vya yule mtu anapomuuliza: "Shikamoo, mzee wangu. Naomba kuuliza, mtumbwi wa kaka yangu uliuchoma wewe?"